Unakwenda kwa nani?

Mbweni, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani sote wazima. Baba yako yuko uani na mashine ya boti ya watu, kaitandaza juu ya gunia tangu asubuhi, mikono imejaa grisi, ndiyo maana naandika mie. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika sita! Mambo kama haya mie siwezi kuyajibu nikiwa nimeshika simu mdomoni kama mtu anayepulizia moto. Nimechukua daftari la zamani la skuli, nimekaa mezani, na mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie.

Uliniuliza mawili. La kwanza, kama ni vibaya kwenda Lushoto wiki mbili na wenzako wa kwaya ya chuo kabla kila mtu hajarudi kwao. La pili ndilo lililokuliza katikati ya ujumbe: kuna kanisa huko Masasi linakutaka ukafundishe hesabu mwaka mmoja kwa kujitolea, chumba na chakula juu yao, mshahara hakuna. Wenzako wanahangaika na maombi ya kazi, na wewe umekaa katikati hujui pa kushika. Ukasema, "Mama, nitajuaje kama natumwa au nakimbia?"

La Lushoto halina haja ya sauti ya Mungu. Lina haja ya nauli na sweta. Nenda.

Hili la pili nalijua kwa sababu lilinikuta mwenyewe, na sijawahi kukusimulia lote. Unajua niliwahi kufundisha Pemba. Huwa nasema hivyo hivyo, "nilipokuwa Pemba", kama mtu aliyekaa miaka. Nilikaa miezi minne.

Ilikuwa 1997, nina miaka 23, nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu, kazi sijapata, na kijana niliyedhani atanioa keshapeleka posa kwingine. (Si baba yako. Baba yako wakati huo alikuwa bado anatembea kifua wazi pwani.) Mbweni padogo. Kila nikitoka kwenda dukani naona watu wananihurumia, au nadhani wananihurumia, ni mamoja. Nikasikia kuna chekechea moja Weti inatafuta mwalimu. Nikamwendea padri nikamwambia Mungu ananiita Pemba. Padri akanitazama kitambo, akasema, "Kuitwa ni neno zito, binti." Nikalia pale pale, naye akadhani ni machozi ya wito.

Nilipanda meli ya usiku pale bandari ya Malindi, mjini Unguja, na sanduku la bati la kijani, lile lililo chini ya kitanda chetu mpaka leo. Ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka. Tulipoingia mkondo wa Nungwi nilitapika hadi nyongo. Mama mmoja wa Kipemba aliyetandika mkeka karibu yangu alikata ndimu kwa meno, akanipa nusu niinuse, akanishika mgongo. Nilipotulia akaniuliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikamwambia nakwenda kazini. Akasema, "Kazi nimesikia. Nimekuuliza unakwenda kwa nani."

Sikuwa na jibu, mwanangu. Nilijifanya nimelala.

Aliyeniahidi chumba alikuwa keshakipangisha kwa mwingine. Wiki mbili nililala kwenye stoo ya karafuu, msimu ndio kwanza unaanza, harufu ikaingia kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye kurasa za Biblia. Hata leo nikitia karafuu kwenye pilau naiona ile stoo. Watoto walikuwa wazuri, sina neno nao. Majirani waliniletea muhogo na samaki wala hawakuniuliza dini. Kilichonishinda ni kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumweleza kweli. Mbweni nilikuwa nimewaambia ni wito, kwa hiyo kila barua niliyoandika ilibidi iwe ya wito. "Nawasalimu katika jina la Bwana, huku nimebarikiwa mno," na huku nimekalia gunia nafuta kamasi.

Mwezi wa nne nikarudi. Bibi yako hakuuliza kitu. Alinipakulia wali na mchuzi wa nguru, akakaa akanitazama nikila mpaka sahani ikawa nyeupe. Halafu akasema, "Haya. Sasa nieleze."

Kwa hiyo mie sikuulizi moyo wako unasemaje. Moyo unaokimbia unawaka sawasawa na moyo uliotumwa, nimeujaribu. Nakuuliza kama yule mama wa melini. Unakwenda kwa nani? Na nyuma yako ni nani anayejua sababu zako zote, pamoja na ile usiyotaka kuitaja? Maana katika dakika sita zile ulimtaja yule kijana mara moja tu, ukakohoa, ukaendelea. Mama yako amesikia kikohozi. Kama naye yumo ndani ya safari hii, sawa, awemo, lakini mwambie padri wako wa chuo, niambie na mie. Ukishaitaja kwa watu wawili watatu na bado unataka kwenda, basi nenda.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 13. Paulo na Barnaba hawakuondoka kwa sababu kila mmoja alisikia kitu peke yake chumbani. Kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likawawekea mikono. Halafu nenda mpaka mwisho wa sura ya 14: wamerudi pale pale walipotoka, wamelikusanya kanisa, wameeleza yote. Watu wanapenda kuhubiri ule mwanzo. Ule mwisho, katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye mabenchi, nimeusikia mara moja.

Na katikati yao yuko Yohana Marko, kijana aliyefika nao Perge akageuza njia akarudi Yerusalemu. Biblia haisemi sababu. Paulo alilichukua vibaya hata baadaye yeye na Barnaba wakagombana kwa ajili yake, wakaachana. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo huyo huyo anaagiza aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi." Nililisoma hilo wiki ile niliyorudi kutoka Weti, na sikuweza kuendelea na mstari wa chini. Ukifika Masasi ukaona mwezi wa tatu hapakaliki, rudi. Sahani yako ipo.

Kuhusu wenzako na kazi: na wewe omba. Masasi kuna intaneti. Nafasi ya ualimu ikitangazwa usije ukasema hukujaza fomu kwa kuwa uko kwenye huduma; huo ni uvivu uliovaa kanzu. Deni la mkopo wa chuo nalo halijui kama unajitolea. Waulize wale wa Masasi wakuandikie barua ya kazi utakayofanya, tangu lini mpaka lini, vipindi vingapi kwa wiki, ili mwakani uwe na karatasi ya kuonyesha. Wakisitasita kukuandikia, hapo mimi ningesita kwenda.

Sasa kuna jambo hukulitaja, na nadhani hulijui, kwa sababu nasi wakubwa hatulisemi sana. Watu wa Mbweni walishakwenda Masasi zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, huyo huyo aliyejenga kanisa la Mkunazini pahala palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, alitoka Unguja na kundi la watu wa hapa Mbweni, watumwa waliokuwa wamekombolewa kutoka kwenye majahazi. Safari ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa, kuwasogeza karibu na makwao walikokamatwa. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri, maji yapo, milima ya mawe imesimama pembeni, wakasema hapa panatosha. Wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni wakawavamia, wakachoma, wakachukua watu, kazi haikufa. Na Padri Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtoto wa utumwa, akasoma Kiungani hapa hapa Unguja, akapewa upadri 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile ya Askofu Steere, yeye alitumika miaka mingi Chitangali, kusini huko huko.

Kwa hiyo usiende na uso wa mtu anayepeleka taa gizani. Unakwenda kwa jamaa waliotangulia. Ukifika Mtandi kwenye kanisa kuu lao, kaa kimya kwanza, sikiliza wanavyoimba, kisha ndiyo ufungue kinywa.

Kitu kingine kitakachokushangaza ni wepesi. Hapa umekulia Mkristo peke yako darasani, au wawili, kati ya watoto arobaini na tano. Ulijua kunyamaza, ulijua kujibu, ulijua Ramadhani hutafuni kitu barabarani, na Krismasi jirani anakuletea sinia ya maandazi kabla hujafika nyumbani kutoka kanisani. Hilo limekufundisha mambo ambayo chuo hakina somo lake. Kule utakuwa miongoni mwa Wakristo wengi, kengele zinalia, kila mtu anaitwa Yohana au Maria, na imani inaweza kulegea kwa kukosa wa kuiuliza swali. Waislamu nao ni wengi kusini. Kaa nao kama ulivyokaa na watu wa mtaani kwetu. Jirani yetu wa nyumba ya mbele nilimwambia habari zako jana. Kwanza akauliza utaolewa lini (nimemwambia akuulize mwenyewe), kisha akasema siku ya safari nimwarifu akusomee dua. Nimekubali kwa mikono miwili.

Mambo ya safari. Umekulia Unguja ambako malaria imepungua sana, mwili wako hauijui vizuri. Kusini huko ni nyumbani kwake. Lala ndani ya chandarua kila siku, na ukipata homa nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usinywe panadoli ukangoja. Kadi ya bima ya wanafunzi imekwisha na chuo chako, kwa hiyo ulizia mapema. Kitambulisho cha Mzanzibari peke yake hakitakutosha, chukua na cha NIDA. Chukua barua ya padri, na ukifika usikae wiki hujajitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Wao hawana Sheha lakini kazi ni ile ile. Daraja la Mkapa pale Rufiji liliondoa adha ya pantoni tangu 2003, ila mvua za Mei 2024 zilikata barabara upande wa Somanga, mabasi yakalala njiani, basi kama una hiari usisafiri masika. Beba chakula na maji ya kukutosha zaidi ya siku moja. Nauli ya kurudi ishonee kwenye pindo la mkoba siku ya kwanza, uisahau. Baba yako ndiye ataitoa. Kasema hivyo bila kuinua kichwa kwenye mashine, lakini nimemwona akijifuta jicho na ule mkono wa grisi.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakupigia baada ya misa, na nitakuuliza kama bibi yako alivyoniuliza mie. Usinieleze baraka tu. Nieleze na stoo ya karafuu.

La mwisho. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akiomba maji? Alikuwa hasemi maji. Alikuwa anasema "mesi", nasi watoto tukicheka tukidhani ni utani wa kizee. Alilipata kwa bibi yake, na yeye kwa bibi yake, yule aliyeshushwa kwenye jahazi akiwa mtoto akaletwa hapa Mbweni na mamisheni. Jina la kijiji alichotoka lilimpotea. Jina la mama yake lilimpotea. Neno hilo moja likabaki. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipokuja kuambiwa na fundi mmoja kutoka kusini aliyekuja kutuezekea banda kwamba ni Kiyao.

Masasi Wayao wapo. Siku utakapopita sokoni ukasikia mtu, mtoto au mzee, anaomba mesi, mpe, halafu nipigie simu. Hata ikiwa usiku.

Mama yako