Kazi za risepsheni Kisumu na Nakuru

Umeuliza kama dadako anaweza kupata kazi ya risepsheni Kisumu ama Nakuru. Zipo, ila asingojee tangazo la gazeti. Kisumu nyingi ziko kwa hospitali na kliniki za praiveti, Nakuru County ni mahoteli hasa upande wa Naivasha kwenye semina haziishi. Mimi niko dawati la kliniki hapa Kisumu na siku hizi wanaangalia kama unajua kompyuta kuliko hiyo diploma, juu tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ni wewe unasajili mgonjwa kwa mfumo, unafuatilia malipo na bado unapokea M-Pesa, na Dholuo ukiijua wazee wanakupenda. Shida ni ofisi ndogo, huko risepshonisti ndio keshia, ndio mpika chai, mshahara ni ule mmoja. Akiitishwa pesa ya intavyuu, huyo ni konmani.