Re: Kulala kwenye kibanda cha zamani cha wawindaji

Mkuu salama? Umeuliza mkifika kwenye kile kibanda cha wawindaji kilichoachwa huko mlimani mcheki nini kwanza kabla ya kulala. Mi huku Mwanza nimeshaingia mabanda ya hivyo kwenye vilima vya mawe, kwanza simama nje kimya usikilize nyuki, wakiwemo ondokeni tu. Halafu gonga sakafu na fimbo kabla hujakanyaga, maana mchwa wanakula mbao kwa ndani we juu unaona nzima. Kinyesi cha popo usifagie kikavu aisee, vumbi lake linaweza kuwa na fangasi wa mapafu, mi nikikikuta nalala zangu kwenye tenti. Risasi kuukuu usiguse. Na kama ni pori la akiba chukueni kibali TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori Tanzania, wale hawana utani.