Maswali ya Wasomaji: Noah ya Bombo hadi pwani, kurudi kwa Mutukula

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Sisi ni watu saba. Likizo ndefu ya Desemba tunataka kwenda na Noah yetu hadi Mombasa, tuteremke Tanga na Dar es Salaam, kisha turudi nyumbani kwa mpaka wa Mutukula, kati ya Tanzania na Uganda. Wiki tano. Gari limeandikwa jina la shemeji yangu. Tuanzie wapi?
Baba Watoto, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam. Anza kwa shemeji. Afisa wa forodha akiona jina kwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari) si la dereva, swali lake la kwanza ni kama gari limeibwa au linapelekwa kuuzwa. Shemeji akuandikie barua ya ruhusa yenye namba ya gari, namba ya chesisi na ya injini, jina lako na namba ya pasipoti yako, nchi mtakazopita na tarehe za kutoka na kurudi. Ipelekeni kwa wakili aitie muhuri, muiambatanishe na nakala ya kitambulisho cha shemeji. Kama gari lina mkopo na logibuku iko benki, barua ya benki inahitajika pia, na hiyo huchukua siku kadhaa, kwa hiyo msingoje wiki ya safari.

Kisha fungua boneti usome namba ya injini kwa macho yako. Noah nyingi zimebadilishwa injini gereji bila logibuku kurekebishwa. Namba zisipolingana, mtakwama Busia, mpakani mwa Kenya, mkiwa na watoto na mizigo, na hakuna wa kulaumiwa.

Bima ya Uganda inaishia mpakani. Mwombe wakala wako wa bima Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Inatumika Kenya, na Tanzania pia ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Hakikisha nchi zote mbili hazijakatwa kwenye orodha iliyo juu ya kadi, na kwamba bima yako ya nyumbani haiishi katikati ya safari, maana kadi hufa pamoja nayo. Kadi hulipia madhara ya mtu wa tatu, si bodi ya gari lenu. Mwenye bima kubwa aombe kwa maandishi iongezewe nchi hizo.

Kwa watu: Kenya mtu mzima huingia kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania inataka pasipoti, kwa hiyo kila mtoto awe na yake. Chukueni pia kadi za chanjo ya homa ya manjano. Mzazi mmoja akibaki nyumbani, aandike barua ya kukubali watoto wasafiri.

Pale Busia mnalipita jengo la Uganda na kuingia la Kenya, ambako maafisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja. Gongeni mihuri ya kutoka na ya kuingia, kisha dereva aende forodha kuchukua kibali cha muda cha gari. Kisome kabla hujaondoka dirishani: namba ya gari, chesisi, tarehe ya mwisho. Taja siku mtakazokaa Kenya kwa ukarimu kidogo, maana mkizipitisha ni faini, na gari laweza kuzuiwa. Vijana watakaokufuata nje wakisema watakufanyia haraka, waambie asante.

Kosa tunaloandikiwa mara nyingi kuliko yote linatokea wakati wa kutoka. Familia inagongesha mihuri ya pasipoti, inasahau kufunga kibali cha gari, na inaondoka kwa furaha. Kwenye mfumo, gari bado liko Kenya. Safari ijayo mtadaiwa. Pale mpakani, Lunga Lunga upande wa Kenya na Horohoro upande wa Tanzania, mkienda Tanga, fungeni cha Kenya ndipo mfungue cha Tanzania, ambako pia kuna ada ya barabara kwa magari ya nje. Mkirudi Mutukula, fungeni hicho nacho, na risiti zote zihifadhiwe.

Na binamu wa Mombasa asishike usukani. Kibali ni cha mgeni. Mkaaji wa nchi hiyo akikamatwa akiendesha, kibali kimevunjwa.

SWALI: Gari langu halina tatizo mjini Kampala. Fundi anasema nibadilishe oili ya breki kabla ya kwenda Nairobi. Ananila pesa?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana, msikilize. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na ikishakuwa na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye foleni ya Kampala hutaligundua hilo. Kwenye mteremko mrefu wa Salgaa, kabla ya Nakuru, gari limejaa na keria imebeba masanduku, breki hupata moto, oili huchemka, na pedali inazama hadi chini bila kushika. Badilisha oili, kisha uteremke kwa gia ndogo: ya otomatiki iweke 2 au L, miguu ikae mbali na breki ila unapohitaji.

Akishamaliza breki, mwambie aangalie mfuniko wa rejeta na mipira yake. Mfuniko uliolegea haushiki presha, maji huchemka mapema, na ule mpando wa Timboroa hautakusamehe.

Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka 6 tusingelipakia familia, hata kama kashata (meno ya tairi) zimesimama, kwa sababu mpira hukauka kwa ndani. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, ukifuata kibandiko cha mlango wa dereva, safu ya gari lililojaa. Pima spea pia. Hiyo ndiyo husahaulika.

SWALI: Tanzania polisi wanasumbua?
Dereva, Masaka

JIBU: Wanapima mwendo. Ukiona kibao cha 50 mwanzoni mwa kijiji, shuka hadi 50 hadi kibao cha kukifuta, hata barabara ikiwa tupu, maana tochi, kile kipima mwendo cha polisi, hukaa hapo hapo. Faini hulipwa kwa namba ya malipo, si mkononi. Beba pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe.

SWALI: Naweza kufunga chakula cha njiani kwenye kavera?
Mama, Mbale

JIBU: Tumia kikapu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.