Kilomita 290 za BrahMos: hesabu ya MTCR inavyokwenda

Mkuu, umeuliza kwa nini kombora la BrahMos la India lilitajwa miaka yote kuwa na masafa ya kilomita 290, si 300 kamili. Jibu liko kwenye MTCR, utaratibu wa kudhibiti teknolojia ya makombora ulioanzishwa 1987 na nchi saba.

Kundi la kwanza la orodha yake ni chombo kinachoweza kufikisha mzigo wa kilo 500 umbali wa kilomita 300. Ombi la kuuza nje chombo cha aina hiyo hukataliwa isipokuwa kwa nadra sana, na kiwanda cha kuvitengeneza hakiuzwi kabisa. Kinachofika 300 na mzigo mwepesi huangukia kundi la pili, ambako kila ombi hupimwa peke yake. Urusi, mbia wa India katika kuunda BrahMos, ni mwanachama tangu 1995, hivyo 290 ilikwepa makundi yote mawili. India ikakubaliwa uanachama Juni 2016. Machi 2017 ikajaribu BrahMos ya kilomita 450.

Wengi huteleza kwenye neno "kinachoweza". Kipeperushi cha muuzaji si hoja, kwa sababu ukipunguza mzigo masafa yanapanda. Tazama Al-Hussein, kombora ambalo Iraq ililiunda kutokana na Scud. Scud-B, kombora la Kisovieti, hufika kilomita 300 na kichwa (sehemu ya mlipuko) cha karibu tani moja. Wairaki walipunguza kichwa hadi kama nusu, wakarefusha matangi kwa vipande vya Scud nyingine (mwanzoni Scud tatu zilizaa mbili), likafika kama 600. Ila uzito ulihamia nyuma. Likishuka kwenye hewa nzito, tangi tupu na kichwa chepesi, linayumba na kukatika. Mwaka 1991, kwenye Vita vya Ghuba, mengi yalivunjikia angani, na Patriot, makombora ya Marekani ya kudungua makombora, zikashindwa kutofautisha kichwa na vyuma chakavu. Ubovu ukageuka kinga!

Sasa tundu la utaratibu huu: MTCR si mkataba. Haina wakaguzi wala adhabu, na Korea Kaskazini haimo. Desemba 2002 manowari ya Uhispania iliisimamisha meli So San, iliyotoka Korea Kaskazini, kwenye Bahari ya Arabu. Chini ya magunia ya saruji zilikutwa Scud 15 zinazokwenda Yemen. Yemen ikasema mzigo ni wake, Marekani ikakiri hakuna sheria ya kimataifa ya kuukamata, na meli ikaachiwa iendelee na safari, Scud zote zikiwa ndani.