USILIPE IJUMAA! (Kwa dada aliyeuliza kuhusu masta ya sheria ya wakimbizi kwa mtandao)

Usilipe. Kabla ya salamu, usilipe hata shilingi. Salamu nitatoa nikimaliza, na nikisahau unisamehe.

Uzi wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa ndani ya boti, mpaka mkondo wa Nungwi umepita sikuuhisi, na mimi kwa kawaida pale huwa nimeshakumbatia mfuko wa plastiki. Unasema umemaliza shahada ya sheria hapa hapa Zanzibar, miaka minne. Una moyo wa kutetea watoto na familia za wakimbizi na wahamiaji. Kuna bwana kakutafutia masta ya chuo cha Marekani, unasoma kwa simu ukiwa kwenu Chake, Pemba, na ukimaliza "unaingia moja kwa moja kwenye uwakili wa kule". Advansi ni Ijumaa. Ukauliza na mengine: mshahara ukoje, kambi za Kigoma zinachukua watu wetu, Kifaransa kinahitajika, na moyo unastahamili vipi hadithi za watoto. Yote nitayajibu, ila hili la Ijumaa kwanza, nikiliacha nitapasuka.

"Moja kwa moja." Neno hilo hilo niliambiwa mimi mwaka 2016.

Ofisi ilikuwa ghorofani, mjini Unguja, kiyoyozi kinanguruma, ukutani wahitimu wamevaa majoho wanacheka meno yote. Mwenyewe alikuita "mheshimiwa wakili" hata hujapata kiti. Mimi mtoto wa Mtambwe, kutwa naitwa "we kijana sogea", leo nimeitwa mheshimiwa na mtu mwenye tai. Ulitaka nifanye nini? Nilijiona mjanja, nikamuuliza swali moja zito: cheti kitakuwa cha chuo chenyewe au cha tawi la uchochoroni? Akasema cha chuo chenyewe, kitaletwa kwa DHL. Na kweli kikaletwa kwa DHL. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwa sababu kwa nililouliza yule bwana hakunidanganya hata chembe. Nimekwama kwa nisilouliza.

Ada ilikuwa dola 6,800. Kwetu hatuna dola, tuna mikarafuu. Marehemu baba aliacha mikarafuu ishirini na miwili, na mama akaiweka rehani kwa jirani misimu mitatu ili mwanawe awe wakili wa Amerika. Msimu wa pili wa rehani karafuu zikazaa kama zimerogwa. Matawi yanapiga magoti, watu wamekosa majamvi ya kuanikia, bei ya daraja la kwanza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, shilingi 14,000 kwa kilo, na mama anapita njiani na ndoo yake ya maji anaitazama mikarafuu yake ikichumwa na watoto wa mwenziwe. Hakusema kitu. Bora angesema.

Mimi nipo ndani nasoma. Usiku, kwa sababu bando la usiku ni rahisi. Nikasoma ule mkataba wa Flores wa mwaka 1997, unaoeleza mtoto mhamiaji akishikwa Marekani awekwe mahali gani na aachiwe kwa nani. Nikasoma kwamba mkimbizi ana mwaka mmoja tangu aingie wa kuomba hifadhi, na kwamba mtoto aliyefika bila mzazi amesamehewa muda huo kwa sheria ya mwaka 2008. Nikasoma jambo lililonitoa machozi ya kweli: kule, katika mahakama ya uhamiaji, mtu ana haki ya kuwa na wakili, lakini serikali haimlipii. Hata akiwa mtoto. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anaweza kukaa peke yake mbele ya jaji, miguu haifiki chini, na upande wa pili yupo mwanasheria wa serikali na jalada lake. Nikasema hii ndiyo kazi yangu, nimezaliwa kwa ajili yake.

Maana na mimi nina changu. Januari 2001 nilikuwa skuli ya msingi. Usiseme Pemba hukumbuki, hata kama ulikuwa hujazaliwa umesimuliwa. Polisi waliwapiga risasi waandamanaji, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbia, wakavuka kwenda Shimoni, Kenya, kwa majahazi na mashua za kuvulia, na mmoja wao ni mama mdogo aliyepanda na mtoto mgongoni. Usiku ule nilijua kuwa mkimbizi si lazima awe Mrundi au Mkongo. Huo ndio moyo unaousema na mimi ninao, kwa hiyo usije ukaniambia sijui kiu yako.

Haya. Mwaka 2018 masta imekwisha, cheti kimekuja, mama kakitia fremu kakitundika sebuleni pembeni ya picha ya Al-Kaaba. Nikajaza fomu ya New York ya kuomba kupimwa kama ninafaa kukaa mtihani wao wa uwakili. Kwa nini New York? Kwa sababu uhamiaji kule ni sheria ya taifa zima, ukiwa na leseni ya jimbo moja tu unasimama mahakama ya uhamiaji ya jimbo lolote, na New York ni katika majimbo yanayowafungulia mlango waliosoma sheria nje. Hilo lilikuwa kweli. Nikasubiri miezi. Jibu likaja: masta ya kutimiza sharti lao lazima isomwe darasani, ndani ya Marekani. Masomo ya mtandaoni hayahesabiwi. Si kwamba yanahesabiwa nusu, mdogo wangu. Sifuri!

Na kanuni yenyewe si siri. Ni ya 520.6 ya Mahakama ya Rufani ya New York, imewekwa hadharani, kuisoma bure. Nilikuwa na miaka miwili ya bando la usiku, nimesoma kila kitu cha dunia isipokuwa ukurasa ule mmoja.

Chumvi ya kidonda hii hapa. Kanuni ile inaanza kwa kuitazama shahada yako ya kwanza. Ulisoma miaka mingapi? Darasani? Na sheria ya nchi yenu imetokana na mapokeo ya Kiingereza kama ya kwao? Masta ni tiba ya yule aliyepungukiwa na kimoja, muda au aina ya sheria. Mimi na wewe tumesoma miaka minne, darasani, kwa mapokeo hayo hayo ya Kiingereza. Yaani jambo la kwanza lilikuwa ni kupeleka shahada ya hapa hapa ipimwe. Mimi nikanunua dawa ya ugonjwa ambao sijapimwa, kisha dawa yenyewe ikawa si ya kunywewa. Mikarafuu ishirini na miwili! Nikabaki na makonyo, vikonyo vitupu.

Nikamfuata yule bwana. Ofisi sasa inauza tiketi za boti na vifuniko vya simu. Hakunikimbia wala hakuona haya, alinipa kiti akaniita mheshimiwa kama mwanzo, kisha akasema: "Kijana, mimi nilikuuzia masta, sikukuuzia uwakili." Nimeifikiria sentensi ile miaka yote hii natafuta pa kuishika siipati. Mungu anisamehe kwa dua nilizoomba ngazini wakati nateremka.

Alaa, na kuna hili la kuchekesha kama una nguvu ya kucheka. Kule Marekani mtu asiye mwanasheria kabisa anaweza kuidhinishwa na Wizara ya Sheria yao kuwawakilisha wahamiaji, mradi yuko ndani ya shirika la hisani linalotambuliwa. Mama mtu mzima aliyeanza kwa kupika chai ya wageni kwenye shirika, akafundishwa, akaidhinishwa kikamilifu, anasimama mbele ya jaji. Mimi na masta yangu ya muhuri wa dhahabu nasimama mbele ya mama, naulizwa safari lini.

Na wewe uliyejibu hapo juu ukasema "mwache asome, elimu haiozi". Kweli haiozi. Deni nalo haliozi, ndugu yangu. Njoo Mtambwe ulione lilivyo bichi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nimeilipia, wewe unaipata bure. Karatasi yoyote unayotaka kuilipia au kuihangaikia, uliza kwanza: hii itanisimamisha mbele ya mahakama ipi? Usimuulize anayekuuzia. Iulize mahakama, au wale wanaotoa leseni ya mahakama hiyo, na jibu liwe la maandishi. Kazi hii ya watoto wa wakimbizi ina maneno mengi matamu, haki, utu, ulinzi, semina na fulana. Siku mtoto yuko kizimbani haulizwi nani anampenda. Anaulizwa nani anamwakilisha.

Utadhani baada ya hapo nilipata akili. Wapi.

Nikatulia, nikafuata njia ya hapa, mwaka 2020 nikaandikishwa wakili wa Zanzibar. Mwaka uliofuata nikapata kazi ya mkataba Kigoma, ya msaada wa sheria kwa wakimbizi. Sasa fikiria na mimi. Katiba ya Muungano inasema uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Jalada la mkimbizi linaendeshwa kwa sheria ya Muungano. Mimi Mtanzania, cheti kina nembo. Nikajisemea ya New York yalikuwa ya wazungu, hii ni nchi moja, nani wa kuniuliza?

Nikaulizwa. Kijana wa kambi ya Nyarugusu, kwa maneno ya mama yake ana miaka kumi na minne, alikamatwa nje ya mipaka ya kambi bila kibali. Mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne bila karatasi, na yeye alifuata kuni au mpira, hadithi zilikuwa mbili. Akaandikwa mtu mzima, akaletwa mahakama ya wilaya. Nikasimama, suti imepigwa pasi, nikaanza kusema huyu ni mtoto, chini ya miaka kumi na minane, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mahakama ya watoto na afisa ustawi awepo. Hakimu, mtu mpole, akaniuliza nimeandikishwa wapi. Nikasema Zanzibar. Akaniuliza kama nimeandikishwa na Bara. Nikanyamaza. Akasema, "Basi kaa, wakili," na neno wakili alilisema kwa huruma, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Maana uhamiaji ni wa Muungano, lakini mawakili si wa Muungano. Mahakama Kuu ni mbili, orodha za mawakili ni mbili, pande hizi hukutana Mahakama ya Rufani. Cheti cha Unguja kikifika Kasulu, wilaya ya kambi ile, ni fremu tu. Yule kijana alikaa mahabusu siku kumi na tisa mpaka mwenzetu aliyeandikishwa Bara alipomaliza kesi zake nyingine akaja. Alisema maneno yale yale niliyoyasema mimi, dakika saba, na miaka ya mtoto ikapelekwa kuchunguzwa. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nimemshikia mama yake khanga.

Ndiyo maana nasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni leseni ya unapotaka kusimama. Ukitaka Kigoma, fuata njia ya kuandikishwa Bara tangu sasa, kabla hata hujatuma ombi la kazi. Ukitaka kubaki visiwani, jiandikishe hapa, na usidhani huku hakuna kazi hiyo. Ipo, ila haina jina la wakimbizi. Mama Mngazija ameachwa na mume wa Kizanzibari, vibali vimekwisha, watoto wanagombewa Mahakama ya Kadhi. Mtoto kazaliwa Mombasa, cheti hana, skuli inamkataa. Mimi kutwa nimo na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, na nasikilizwa, kwa sababu nina haki ya kusikilizwa. Wapemba wenzetu wa pwani ya Kenya waliishi kule tangu enzi za ukoloni hawana kitambulisho, wametambuliwa kuwa raia mwaka 2023. Ile ilikuwa kazi ya makaratasi, nani kazaliwa wapi, shahidi nani, mwaka gani. Masta yangu haikuwa na somo la kumtafuta mkunga wa mwaka 1958.

Kifaransa: kama unacho, vizuri. Nyarugusu ipo tangu 1996, waliozaliwa pale sasa wana watoto wao, na Wakongo wengi wanasema Kiswahili, chao kina ladha yake, utazoea. Kirundi kingekufaa zaidi kuliko hata Kifaransa. Nini kingine uliuliza? Sikumbuki, na simu iko asilimia nne.

Fanya hivi leo usiku. Mwandikie huyo bwana ujumbe mmoja tu: "Nikimaliza masta hii kwa mtandao, bila kukanyaga darasa la Marekani, ni jimbo gani litanipokea kwenye mtihani wa uwakili, na kanuni yake namba ngapi?" Usimtukane, usimwambie habari zangu. Atakachojibu kibandike hapa hapa kabla ya Ijumaa tukisome pamoja. Akikuita mheshimiwa, nipigie kelele.

Assalaam alaykum.