Maswali na Majibu: Tangi la Samaki Lenye Kina na Mimea Hai

Maswali yaliyonifikia siku hizi karibu yote yanatoka kwa wasomaji wanaotaka kuacha tangi dogo la mezani na kujenga tangi kubwa la sebuleni, lenye kina cha sentimita 60 na zaidi, lililopandwa mimea hai badala ya ile ya plastiki. Nimeyapanga kuanzia sakafu na kioo hadi samaki, kwa kuwa huo ndio utaratibu wa kazi yenyewe.

Naishi ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Nataka tangi la urefu wa sentimita 150, upana 60 na kina 75. Je, sakafu itahimili? (Msomaji, Ntinda, Kampala)

Zidisha vipimo vyako vitatu kisha ugawanye kwa 1,000, utapata lita 675, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Kioo cha milimita 12 kitaongeza kilo zipatazo 120, na ukijumlisha mchanga, mawe, magogo na meza ya chuma, uzito wote utakaribia tani moja, uliokaa juu ya eneo lisilofika hata mita moja ya mraba. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, pamoja na akiba ya usalama. Simaanishi kwamba slabu itaanguka siku utakayojaza maji, kwa sababu mzigo ulio mahali pamoja husambaa kwenye slabu nzima. Lakini hakuna awezaye kukuhakikishia usalama bila kuijua nondo na mihimili iliyomo, na aliye chini yako ana haki ya kulala kwa amani. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi na umwite mhandisi. Mhandisi akikubali, tangi likae sambamba na ukuta unaobeba, juu ya mhimili, wala si katikati ya chumba. Kama huwezi kupata mhandisi, subiri hadi upate nyumba ya chini yenye sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi.

Fundi wa vioo anasema milimita 8 zinatosha kwa sababu tangi langu ni fupi, sentimita 100 tu, ingawa kina chake ni 75. Ni kweli? (Msomaji, Jinja)

Si kweli, na ninakusihi usimkubalie. Nguvu ya maji dhidi ya kioo hutokana kwanza na kina. Kwa kioo chako cha mbele, chenye urefu wa sentimita 100, maji ya kina cha sentimita 60 husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 180, ilhali maji ya kina cha sentimita 75 husukuma kwa nguvu ya kilo 281. Kina kimeongezeka kwa robo tu, lakini msukumo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa vipimo vyako mimi nisingeshuka chini ya milimita 12, tena pawe na vipande vya kioo vilivyogundishwa juu, kwenye kingo ndefu na kutoka mbele kwenda nyuma, ili kuzuia kioo kisitune.

Gundi iwe silikoni ile yenye harufu ya siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Acha ikauke wiki nzima. Kisha jaza tangi likiwa barazani, juu ya meza yake, na ulichunguze siku kadhaa kabla ya kuliingiza ndani. Meza ikichomelewa Katwe, mtaa wa mafundi chuma wa Kampala, au kwingineko, mwambie fundi aipime kwa pimamaji pande zote, kwa kuwa meza iliyopinda kidogo hupeleka uzito wote kwenye pembe moja.

Niongeze ushauri ambao nitaurudia hadi mchoke kuusikia: punguza kina hadi sentimita 60, na fedha utakazookoa ziweke kwenye upana wa mbele hadi nyuma. Tangi pana hupendeza zaidi kwa mimea, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kupanga safu ya mbele, ya kati na ya nyuma. Zaidi ya hayo, mkono wa mtu mzima hufika sentimita 60 kwa shida, na katika kina cha 75 utalazimika kupanda na kukata majani kwa koleo refu au kuzamisha bega zima.

Nimepanda nyasi fupi za kutandaza chini ya kina cha sentimita 70. Zinageuka manjano na kufa, huku mwani ukistawi juu. Nifanye nini? (Msomaji, Entebbe)

Mwanga wa taa hutawanyika na kufifia kadiri unavyoshuka, kwa hiyo mmea ulio karibu na uso wa maji hupata mwingi kupita kiasi na ule wa chini hukosa. Watu wengi hujibu kwa kuongeza taa, na hapo ndipo mwani unapopata nafasi, kwa sababu mimea iliyopewa mwanga mkali bila kaboni dioksaidi na virutubisho vya kutosha haiwezi kuutumia. Nyasi za kutandaza katika kina kama hicho zinahitaji taa kali za LED na mtungi wa kaboni dioksaidi wenye kidhibiti. Chupa ya sukari na hamira, inayofaa tangi dogo, haitoshelezi mamia ya lita. Maji ya Ziwa Viktoria, ambayo ndiyo yanayotoka kwenye mabomba yetu ya Entebbe na Kampala, ni laini, na gesi hiyo ikizidi katika maji laini, asidi hupanda haraka na samaki huanza kuhema juu. Hiyo si kazi ya kuanzia.

Badala yake, chagua mimea inayolingana na kina. Vallisneria, ambayo pia humea katika maziwa yetu, hurefuka hadi kufika juu yenyewe, na tangi lenye kina ndipo mahali pake hasa. Cryptocoryne huvumilia kivuli cha chini. Anubias na jimbi la Java hawapandwi mchangani kabisa: wafunge kwa uzi kwenye gogo au jiwe, popote katikati ya tangi, na hivyo utakuwa umeusogeza mmea kwenye mwanga. Unaweza pia kuinua mchanga upande wa nyuma kwa kuuzuia na mawe. Taa ziwake kwa muda wa saa 8 kila siku kwa kutumia taima, na tangi lisikae mkabala na dirisha linaloingiza jua.

Je, udongo wa bustani unafaa chini ya mchanga? (Msomaji, Mukono)

Unafaa, ukiwa haujatiwa samadi, mbolea wala dawa. Uchekeche, utandaze sentimita 2 hadi 3, kisha uufunike kwa mchanga uliooshwa hadi maji yatoke safi, unene wa sentimita 3. Usizidishe hapo, kwa sababu tabaka nene lisilopitisha oksijeni huoza na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Mchanga wa ziwani ujaribu kwa matone ya siki: ukitoa mapovu, una vipande vya makombe, ambavyo vitayafanya maji kuwa magumu kidogo kidogo.

Nyumbani kwetu ni karibu na ziwa. Kwa nini ninunue mimea wakati imejaa ufukweni? Hata magugu maji yanaelea bure. (Msomaji, Ggaba)

Nitalijibu swali hili kwa kirefu kwa sababu linahusu afya ya nyumba nzima. Kando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Albert kuna kichocho cha matumbo, na minyoo yake hukulia ndani ya konokono wadogo wa jamii ya Biomphalaria, ambao hupenda kujishika kwenye mimea ya majini. Konokono aliyeambukizwa hutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyetia mkono au mguu majini. Ukimwingiza konokono huyo kwenye tangi lako, kila utakapozamisha mkono kupunguza majani, au mtoto wako atakapochezea maji, mtakuwa kana kwamba mmesimama ufukweni.

Kwa hiyo chukua vipandikizi kwa mfugaji mwenzako ukiweza. Usipoweza, usiingie majini. Vaa glavu ndefu za mpira, vuta mmea ukiwa nchi kavu au mtumbwini, uuoshe kwa maji ya bomba, na uondoe kila konokono. Loweka mmea kwa saa mbili au tatu katika maji yenye shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, kisha usuuze na uuweke kwenye ndoo ya maji ya bomba. Viluwiluwi vilivyokwisha kumtoka konokono hufa katika muda wa siku mbili hivi, kwa hiyo baada ya siku tatu bila konokono yeyote ndani ya ndoo, hatari hiyo imekwisha. Mayai yanaweza kuanguliwa baadaye, lakini konokono anayetoka kwenye yai hazaliwi na minyoo. Huambukizwa tu akiwa kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi cha mgonjwa. Aliyekwisha kugusa maji ya ziwani apimwe kituo cha afya, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Magugu maji yaache huko huko. Yaliingia Ziwa Kyoga na Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafunga gati na njia za wavuvi, hata ikabidi mwaka 1995 wadudu wa jamii ya fukusi waachiliwe ili wayatafune. Ndani ya nyumba hayapati jua la kutosha, na mizizi yake hutia giza mimea ya chini. Vilevile, majani unayoyakata kutoka tangini yaanike juani hadi yakauke, kisha uyafukie. Usiyatupe mtaroni, maana mtaro wa Nakivubo humwaga maji yake katika ghuba ile ile inayochotewa maji ya kunywa pale Ggaba.

Umeme ukikatika usiku kucha, samaki watakufa? (Msomaji, Masaka)

Inategemea wingi wao. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, wala si kupitia kina, hivyo tangi lenye kina na uso mwembamba lina maji mengi lakini hulisha samaki wachache kuliko linavyoonekana. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri ya kuchaji au ya sola, ambayo hula umeme kidogo sana. Chujio la kopo, yaani lile lililofungwa ndani ya kopo nje ya tangi, likizimika kwa saa nyingi, lifungue na uoshe sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, ili uchafu uliooza usirudishwe kwa samaki. Na kama chujio lako ni tangi la chini, yaani tangi la pili lililowekwa chini ya lile la samaki, liwe na nafasi tupu ya kupokea maji yote yatakayoshuka pampu ikisimama. Lijaribu mwenyewe kwa kuchomoa plagi mchana.

Je, hita inahitajika? (Msomaji, Kabale)

Kampala, kwa kawaida hapana. Kabale, ambako usiku ni baridi, ndiyo; weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, na uzipange nyuzi joto 24.

Nataka samaki wa kwetu: nkejje (samaki wadogo wa jamii ya Haplochromis), ngege (tilapia), pengine mputa (sangara) mdogo. (Msomaji, Kampala)

Mputa mtoe kabisa katika orodha. Aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, hukaribia urefu wa mita mbili, na ndiye aliyechangia sana kupotea kwa aina nyingi za nkejje. Ngege atakula mimea yako. Nkejje ni wazuri mno, na madume yao wenye rangi hayana mshindani, lakini huchimba mchanga wanapotaka kuzaa, kwa hiyo wafuge pamoja na Anubias waliofungwa kwenye mawe na Vallisneria waliozungushiwa kokoto nzito. Kabla ya kuvua, muulize afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali.

Samaki wowote utakaochagua, wasubiri. Tangi jipya huhitaji wiki tatu hadi sita ili bakteria waote kwenye chujio na mchanga, wageuze amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Pima kwa vifaa vya matone, na uingize samaki wachache wa kwanza pale amonia na nitriti zote mbili zitakaposoma sifuri. Kila wiki badilisha robo ya maji: kwa lita 675 hizo ni jerikeni zisizopungua nane za lita 20, zilizokaa wazi siku moja au mbili ili klorini itoke.