Ule mshindo haupigi mara moja tu

Ndugu, umeuliza kama mshindo wa ndege ya kivita hutokea mara moja tu, pale inapovuka kasi ya sauti. Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo. Ikifikia takriban kilomita 1,225 kwa saa karibu na usawa wa bahari, ndege huyapita mawimbi ya sauti yake yenyewe. Yanabanana, kisha yanaburutwa nyuma yake muda wote, kama yale mawimbi yanayofuata boti. Yakikupitia wewe uliye chini ndipo unasikia “pu-pu!”: la kwanza la pua, la pili la mkia. Rubani mwenyewe hausikii. (Hata mlio wa mjeledi ni hivyo hivyo, ncha yake huipita sauti.) Ukitaka kuiona ndege, tazama mbele zaidi, imeshakupita.